Uanagenzi wa Sanaa baina ya Kiriaini na Nairobi

Utangulizi

Neno mwanagenzi limezoeleka mno katika Kiswahili cha darasani, kiasi kwamba wengi hulitumia kana kwamba ni kisawe cha mwanafunzi. Maneno haya mawili hayalingani. Mwanafunzi ana ratiba, kengele, daftari na mtihani. Mwanagenzi ana fundi. Hujifunza kwa kukaa karibu na mtu anayefanya kazi kwa ajili ya riziki yake, na fundi huyo haachi kazi yake ili afundishe. Hufundisha kwa kuwa anafanya kazi. Katika desturi za Waswahili wa pwani, uanagenzi ulipofika mwisho fundi alipewa kilemba, yaani ada ya kumshukuru, na mwanagenzi akaachiliwa kuwa fundi kamili mbele ya watu.

Makala haya yanauchunguza uhusiano huo katika sanaa ya uchoraji na uchongaji nchini Kenya, hasa jinsi wanafunzi wa sanaa walivyojifunza kutoka kwa wasanii waliokuwa kazini jijini Nairobi. Mahali pa kuutazamia ni Kiriaini, mji mdogo wa wakulima wa chai katika eneo la Mathioya, kaunti ya Murang'a, kwenye barabara inayoendelea hadi Othaya na Nyeri. Kijana wa huko anayependa kuchora hushauriwa jambo moja: ateremke Murang'a, apite Kenol na Thika, aingie Nairobi. Ushauri huo una msingi. Swali ni nini hasa anachokifuata huko. Hoja ya makala haya ni kwamba jiji halikuwapa wanafunzi kipaji, wala si shahada iliyowafanya wasanii. Jiji liliwapa ua mmoja wenye mafundi wengi. Ua huo umehamahama, umefungwa na kubomolewa zaidi ya mara moja, na mijadala ya mtaala wa elimu haiugusi.

Gicandi na mghani wake

Ni kosa kudhani kwamba nchi ya Mlima Kenya ilisubiri Nairobi ili ijue uanagenzi. Gicandi ya Wakikuyu yatosha kuwa ushahidi. Hiki ni kibuyu kilichochorwa alama kwa kukwaruzwa, chenye mbegu ndani ili kitoe sauti kinapotikiswa, na papo hapo ni jina la utungo mrefu wa mafumbo unaoghanwa na mwenye kibuyu. Alama hizo humkumbusha mghani mpangilio wa beti zake. Wawili hushindana mbele ya hadhira; mmoja hufumba na mwingine hufumbua, na anayeshindwa huweza kunyang'anywa kibuyu chake. Kwa hiyo chombo kimoja kilikuwa mchoro, kitabu na ala ya muziki, na anayetaka kukimiliki hakuwa na budi kumfuata bingwa aliyekijua. Kasisi Vittorio Merlo Pick wa shirika la Consolata alikusanya tungo hizi katika kitabu kilichotoka 1973. Kimani Njogu, ambaye wasomaji wa jarida hili wanamjua kwa kazi zake za Kiswahili, amezilinganisha na majibizano ya ushairi wa Kiswahili katika Reading Poetry as Dialogue (2004).

Wanafunzi wa fasihi wamekutana na mghani huyu kwa njia nyingine. Ndiye msimulizi wa riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Caitaani Mũtharaba-inĩ (1980), iliyotokea kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani (1982). Ndani ya riwaya hiyo yumo Gatuiria, mtafiti wa utamaduni katika chuo kikuu, anayetaka kutunga muziki wa taifa lake. Elimu yake ya ng'ambo imemwachia maarifa ya ala na nota, lakini haina hadithi. Anafunga safari hadi Bahati, Nakuru, kumtafuta mzee anayejua kusimulia. Uhakiki wa riwaya hii umeshughulikia zaidi karamu ya wezi na wanyang'anyi, na safari ya Bahati hupitiwa haraka. Inastahili zaidi ya hapo. Ngũgĩ alikuwa akiandika baada ya Kamirithu, Limuru, ambako mwaka 1977 wasomi wa chuo kikuu waliandaa tamthilia pamoja na wakulima na wafanyakazi na wakasahihishwa lugha yao na watu hao hao. Serikali ilifuta leseni ya maonyesho hayo mwaka huo huo, na jukwaa lenyewe likabomolewa 1982. Gatuiria ni mwanafunzi anayetoka chuoni kwenda kwa msanii, tena anatoka jijini kwenda mashambani. Njia ya maarifa, kwa mujibu wa riwaya hiyo, haikuwa ya kuteremka tu.

Murang'a, 1959

Katika mji wa Murang'a, ambao wakati huo uliitwa Fort Hall, kuna kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Ndani yake mna michoro mikubwa mitano ya ukutani iliyokamilika 1959, inayosimulia maisha ya Kristo tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa. Watu wote waliomo ni Waafrika, na mandhari ni ya nchi hiyo hiyo: vilima, mabonde, mimea na mavazi ambayo mkulima wa Kiriaini angeyatambua bila kuelezwa.

Mchoraji alikuwa Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932. Alisomea Makerere katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell katika miaka ya 1930. Hapa kuna jambo ambalo huachwa nje ya maelezo ya historia ya sanaa ya Kenya: mojawapo ya kazi kubwa za kwanza za mchoraji msomi wa Kiafrika nchini ilifanyiwa katika mji mdogo wa nyanda za juu, wala si Nairobi. Fundi alikuwa amefika. Hakukuwa na karakana ya kumweka baada ya kuta kukamilika, na kwa hiyo akaenda zake.

Alikokwenda ndiko kulikozaa mada ya makala haya. Mwaka 1965 Njau na wenzake walianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi. Jina hilo limewachekesha na kuwasumbua wanafunzi wa sarufi, maana paa mnyama angetarajiwa kuchukua kiunganishi cha ngeli ya A-WA. Waanzilishi walitaka mchezo wa maneno: paa wa porini na kitenzi kupaa vikae mahali pamoja, mnyama ainuke. Upatanisho wa kisarufi ukaachwa nyuma ya sauti, kama washairi wafanyavyo kila siku. Mahali hapo palikuwa nyumba ya maonyesho, ukumbi wa kusomea mashairi na karakana. Baadaye paliondoka katikati ya jiji pakahamia Ridgeways, karibu na barabara ya Kiambu.

Mwalimu aliyegeuka mwanagenzi

Mfano unaofafanua zaidi kazi ya Paa ya Paa ni wa Rosemary Karuga. Alizaliwa Meru mwaka 1928, upande wa pili wa mlima. Alisoma Makerere kati ya 1950 na 1952 na hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa huko. Baada ya hapo alifundisha shule kwa miongo kadhaa. Kwa kipimo cha shule, alikuwa na kila kitu: mafunzo rasmi, cheti na darasa lake mwenyewe. Kazi aliyojulikana kwayo haikuonekana katika miaka hiyo yote.

Ilionekana alipostaafu. Mwaka 1987, akikaribia umri wa miaka 60, alipata nafasi ya kufanyia kazi Paa ya Paa kwa kutiwa moyo na Elimo Njau na mkewe Phillda. Rangi za mafuta zilikuwa ghali. Karuga akachukua makaratasi ya kufungia bidhaa za dukani, kama vile ya sabuni na ya mafuta ya kupikia, akayakata vipande vidogo na kuvibandika hadi vikatokea wanawake sokoni, kuku, mbuzi na mashamba. Mwaka 1990 kazi zake zilikuwa katika maonyesho ya Studio Museum, Harlem, New York, pamoja na za wasanii wa Afrika ambao majina yao yalikwisha kuvuma. Alifariki mwaka 2021 nchini Ayalandi.

Ni rahisi kuisoma hadithi hii kama sifa ya umaskini, kwamba uhaba wa rangi ndio uliomzalia ubunifu. Usomaji huo haukubaliki. Uhaba wa rangi alikuwa nao pia alipokuwa mwalimu. Makaratasi ya sabuni hayakukosekana nyumbani mwa mwalimu yeyote wa Kenya. Kilichobadilika ni mahali na watu. Alikuwa sasa na meza isiyoondolewa jioni ili watu wale chakula. Alikuwa na wenzake waliopita nyuma yake wakatazama vipande vya karatasi na kuviona kuwa kazi, wala hawakuviona kuwa takataka. Mwanamke aliyefundisha maisha yake yote alihitaji kuwa mwanagenzi tena, na jamii haikumpa nafasi hiyo hadi ilipomaliza kumtumia. Wanafunzi wa kike wa ualimu wanaosoma haya wana haki ya kuuliza kazi ngapi za aina hiyo hazikufanywa.

Kuiga na tatizo lake

Uanagenzi una lawama yake ya zamani, kwamba huzaa waigaji. Dar es Salaam ilitoa mfano unaojulikana kuliko wote. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini mwa Tanzania, alianza mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kung'aa juu ya vibao vya mraba na kuviuza Oyster Bay. Aliwafundisha ndugu na jamaa wachache. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amefundisha kwa miaka minne tu, lakini wanagenzi wake walifundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Jina la mtu mmoja likawa jina la mtindo mzima. Kwa upande mmoja huu ni ushindi mkubwa wa uanagenzi, kwa kuwa mamia ya watu wamepata riziki. Kwa upande mwingine, mtalii anayenunua chui mwenye madoa ya bluu hana namna ya kujua kama mkono uliomchora uliwahi kutaka kuchora kitu kingine.

Elimo Njau alikuwa mkali sana katika jambo hili. Alihubiri dhidi ya kuiga katika kila nafasi aliyoipata, na onyo hilo lilibandikwa Paa ya Paa ili kila mgeni alione. Lakini mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili atalipokea onyo hilo kwa tahadhari. Katika mapokeo yetu anayeanza kutunga huanza kwa kufuata: huchukua bahari ya mtangulizi wake, akahesabu mizani ileile, akajibu shairi kwa vina vilevile. Malenga wengi walianza kama sauti ya pili ya mtu mwingine. Kuiga si aibu katika hatua hiyo. Aibu ni kubaki hapo.

Kinachomtoa mwanagenzi katika kuiga ni fundi wa pili, na hapo ndipo ukubwa wa jiji unapopata maana. Kijana anayejifunza kwa mchoraji mmoja wa mabango mjini kwake ataishia kuchora herufi za mchoraji huyo. Anayekaa katika ua wenye wachoraji wanane na wachongaji watatu huona kabla ya chakula cha mchana kwamba tatizo moja lina majibu kumi na moja. Haambiwi ajitafute. Analazimika kuchagua, na kule kuchagua ndiko mwanzo wa mkono wake mwenyewe.

Ua wa Nairobi

Nairobi ilipata ua wa namna hiyo kwa nyakati tofauti. Gallery Watatu, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kupewa jina kwa idadi ya waanzilishi wake, ilikuwa duka zaidi ya karakana. Hata hivyo, katikati ya miaka ya 1980 ilipochukuliwa na Ruth Schaffner, iliwapokea wachoraji wasio na elimu ya chuo. Mmoja wao alikuwa Sane Wadu, aliyezaliwa 1954 katika eneo la Kiambu, ambaye aliwahi kuwa mwalimu na karani wa mahakama. Alipoacha kazi ya mshahara ili achore, watu walimwona kuwa amerukwa na akili; naye akajipa jina la Kiingereza lenye maana ya mtu mwenye akili timamu. Wachoraji wa kwao walikuja kuunda chama cha wasanii wa Ngecha mwaka 1995. Jirani yao, Banana Hill, Shine Tani, aliyekuwa mwanasarakasi wa barabarani, alikuwa amekwisha kukusanya wachoraji kuanzia mwanzo wa miaka ya 1990, wakiwamo jamaa zake mwenyewe. Mkewe, Rahab, alijifunza hapo hapo nyumbani na akawa mchoraji anayejulikana.

Kuona Trust ilianza mwaka 1995 katika uwanja wa makumbusho ya taifa. Mpango wake ulikuwa mwepesi: wasanii wapewe nafasi ya kufanyia kazi mahali ambapo wengine wanaweza kuwaona. Kutoka hapo ilihamia GoDown, kituo cha sanaa kilichofunguliwa 2003 katika maghala ya eneo la viwanda, kisha mwaka 2008 ikahamia Likoni Close, Kilimani. Peterson Kamwathi, aliyezaliwa 1980 na ambaye picha zake za chapa ya mbao na za mkaa zimeonyeshwa nje ya Afrika, ni mmoja wa waliofanyia kazi mahali hapo. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyefika Kuona kwa mazoezi ya kazi hakukuta mhadhara. Alikuta mtu akichonga, redio ikisema, chai ikichemka, na mteja mlangoni akibishania bei.

Yafaa kueleza kile anachojifunza mtu katika hali hiyo, kwa kuwa vitabu vya kiada havikitaji. Hujifunza kuwamba kitambaa kwenye fremu ya mbao kisilegee. Hujifunza kwamba rangi fulani iliyochanganywa na maji mengi itabanduka baada ya mvua mbili. Humwona fundi akifuta kazi ya wiki mbili kwa sababu ambayo fundi mwenyewe hawezi kuieleza, na kesho yake akaianza upya bila kulalamika. Hujifunza ni lini kazi imekwisha. Jambo hili la mwisho halifundishiki darasani, kwa sababu darasani kazi hukwisha muda unapokwisha. Husikia pia namna ya kumkatalia mnunuzi, jinsi ya kuandika risiti, na kwa nini kazi ikiachwa dukani bila maandishi huenda isirudi. Neno usanii limekuja kuwa na maana ya ulaghai katika mazungumzo ya mitaani. Mwanagenzi aliyeketi miezi sita na msanii wa kweli hujua jinsi maana hiyo inavyomwonea mtu anayeamka alfajiri kulainisha mbao kwa msasa.

Lugha ya kazi hiyo ni jambo linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Mtihani wa somo la sanaa na ubunifu katika shule za sekondari za Kenya huandikwa kwa Kiingereza. Karakana haisemi hivyo. Husema Kiswahili, Sheng, Kikuyu, Kikamba na Kijaluo kwa pamoja, na mengi hayasemwi bali huonyeshwa kwa kidole. Kiswahili kina rangi, brashi, patasi, randa, msasa, kivuli, mwanga na umbo. Kinapofika katika dhana kama ile ya vitu kupungua ukubwa kadiri vinavyokuwa mbali, wazungumzaji huzunguka kwa maelezo marefu au hukimbilia Kiingereza. Istilahi haziwezi kuundwa mezani na wanaisimu peke yao. Waliozihitaji kwanza, na ambao huenda wamekwisha kuziunda, wamo karakanani.

Ua unapofungwa

Moto wa mwaka 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya hazina ya Paa ya Paa, pamoja na picha na kumbukumbu ambazo haziwezi kurudishwa. Schaffner alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Taasisi ya Kuona ilipokoma, wasanii waliokuwa mle walijiunga na kuendelea kwa jina la Kuona Artists Collective. Maghala ya GoDown yalibomolewa ili pajengwe jengo jipya, na waliokuwa wakifanyia kazi humo wakatawanyika jijini.

Kila tukio lina sababu yake, na si busara kuyaeleza yote kwa neno moja. Hata hivyo, isipokuwa moto, mengi yanarudi kwenye ardhi na kodi. Kipande cha ardhi cha Kilimani kinachokaliwa na wachongaji wa mawe kina thamani kubwa zaidi kikijengwa ghorofa. Msanii anaweza kubeba brashi zake na kuhamia chumba kimoja cha kupanga huko Kahawa au Rongai, na kazi yake ikaendelea. Asichoweza kubeba ni ua. Anapofanyia kazi chumbani peke yake, mwanagenzi hana pa kusimama. Hasara ya kufungwa kwa kituo huhesabiwa kwa picha na maonyesho, lakini wanaopoteza zaidi ni wale ambao hawakuwa wamefika bado.

Wapo waliotafuta njia nyingine. Katika kitongoji cha Lunga Lunga, Mukuru, wasanii vijana walianzisha Wajukuu Art Project mwaka 2004 na wamefundisha watoto wa mtaa huo huo. Mwaka 2022 walialikwa katika maonyesho ya documenta ya 15 huko Kassel, Ujerumani, wakatunukiwa tuzo ya Arnold Bode. Walijenga ua mahali ambapo hakuna aliyeutaka kwa ghorofa. Ni jibu la kishujaa, ingawa si haki kumtaka kila msanii awe shujaa ili mtoto ajifunze kuchora.

Suala la Kiriaini

Mtaala wa umilisi umeweka njia tatu katika sekondari ya juu, na mojawapo ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Kundi la kwanza la wanafunzi lilipangiwa kuingia Gredi ya 10 mwaka 2026. Baada ya miaka mingi ambapo uchoraji katika shule za msingi ulikuwa somo lisilotahiniwa, na kwa hiyo somo la kuruka, hili ni badiliko kubwa. Kijana wa Mathioya sasa anaweza kuiita sanaa njia yake bila kuomba radhi.

Lakini nani atamfundisha? Sheria ya Tume ya Huduma ya Walimu inamtaka kila mwalimu wa shule awe amesajiliwa. Mchoraji aliyeishi kwa brashi kwa miaka thelathini hana usajili huo, na aghalabu hana shahada inayohitajika ili aupate. Mwalimu mwenye usajili naye huenda hakuwahi kukaa katika karakana hata mwezi mmoja. Mpango wa serikali wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini ungeweza kuziba pengo hili iwapo ungefika kwa wachoraji na wachongaji kama unavyofika kwa mafundi wa magari na umeme, na iwapo shule zingeruhusiwa kumwalika fundi kwa muhula mmoja na kumlipa. Malipo hayo yangekuwa kilemba cha zama hizi, nayo hayapo katika karo yoyote ya shule.

Mzazi wa Kiriaini anayemruhusu mwanawe kwenda Nairobi kwa uanagenzi usio na mshahara anabeba nauli, chakula na kodi ya chumba, au anamtegemea shangazi wa Kayole. Familia yenye uwezo hubeba. Familia inayongoja malipo ya chai hukadiria, na mara nyingi hesabu hukataa. Kwa hivyo uchaguzi wa nani atakuwa msanii hufanyika kabla kipaji hakijatazamwa na mtu yeyote. Kwa msichana hesabu hiyo ina kipengele kingine, maana mzazi huuliza pia atalala wapi na nani atakuwa karakanani jioni. Swali hilo si ushamba, na vituo vya sanaa vilipaswa kuwa na jibu lake lililoandikwa.

Kuna mafundi walio karibu zaidi. Kabla ya mashine za kuchapisha mabango ya plastiki kuenea, kila mji wa sehemu hizi, iwe Kiriaini, Othaya, Karatina au Kangema, ulikuwa na wachoraji wa kuta za maduka na bucha. Walipima herufi kwa uzi uliopakwa chaki, wakachora ng'ombe, wembe na kichwa cha kinyozi kwa rangi ya mafuta juu ya simiti isiyo laini, wakiwa juu ya ngazi, siku ya soko, mbele ya watu wasioona haya kuwakosoa. Wengine bado wapo. Mbinu zao na maneno yao ya kazi hayajakusanywa, na tasnifu moja ya shahada ya kwanza ingeweza kuanza nao kwa gharama ya daftari na nauli ya kwenda na kurudi. Zipo pia zile kuta tano za kanisa la Murang'a. Darasa la Gredi ya 10 linaweza kwenda kuzitazama na kurudi siku hiyo hiyo, likiwa na penseli, na likianza na mchoro wa kuzaliwa: namna Njau alivyoyapanga mabonde nyuma ya watu, na mahali alipouweka mwanga.